Mbuyu Wakati wa Kipupwe: Historia ya Kuutambua na Kuuthamini Mti wa Pwani

Utangulizi

Mbuyu ni miongoni mwa miti michache ya Afrika Mashariki ambayo jina lake hujulikana hata na mtu asiyejua miti. Unatajwa katika methali, katika majina ya vijiji na mitaa, na katika masimulizi ya pepo na mizimu. Hata hivyo, kwa muda unaokaribia nusu ya mwaka mti huo husimama bila jani hata moja, na katika hali hiyo wageni wengi wameutazama kana kwamba ni gogo lililofia wima. Mhadhara huu unahusu nusu hiyo ya mwaka. Unachunguza jinsi mbuyu usio na majani ulivyoonwa, ulivyopewa majina na ulivyothaminiwa, tangu maandishi ya msafiri wa karne ya 14 hadi mgogoro wa Kilifi wa mwaka 2022.

Hoja kuu ni moja. Sayansi ya Ulaya iliupa mti huu jina linalotokana na umbo la jani lake, ilhali Kiswahili kimejenga msamiati wake juu ya tunda. Jani hupukutika; tunda hubaki likining'inia wakati matawi yako wazi. Tofauti hiyo inaonyesha ni nani aliyeishi na mti mwaka mzima, na ni nani aliyeukuta katika msimu mmoja tu. Aidha, inasaidia kueleza kwa nini mti huohuo umeachwa uishi kwa karne nyingi mahali pamoja, na kwingine ukang'olewa kwa siku chache.

Majira ya Mti

Majira ya baridi kama yale ya Ulaya, yenye theluji na siku fupi, hayapo katika pwani ya Waswahili. Kalenda ya pwani hufuata pepo na mvua. Kaskazi huvuma katika miezi ya joto, kuanzia karibu na Desemba hadi Machi; masika hufuata, yakiwa na mvua kubwa za Machi hadi Mei; kisha kusi hushika, na pamoja nayo huja kipupwe, yaani kipindi cha ubaridi na ukavu cha Juni hadi Agosti. Baada ya kipupwe huja demani, na mwishoni mwa mwaka hunyesha mvua za vuli.

Mbuyu huishi kwa kalenda hiyo. Aghalabu majani yake huanza kugeuka manjano na kupukutika baada ya masika, na kuanzia kipupwe hadi vuli inapokaribia mti huwa mtupu. Maua meupe makubwa hutokea mvua zinapokaribia au zinapoanza. Hufunguka magharibi, huchavushwa na popo usiku, na siku ya pili huanza kunyauka. Tunda huchukua takriban miezi mitano au sita kukomaa. Kwa sababu hiyo, tunda lililotungwa wakati wa vuli huwa tayari wakati ambapo majani yanaanguka. Ndiyo maana mtu anayeutazama mbuyu katika kipupwe huona kitu ambacho kwa mgeni ni kitendawili: mti unaoonekana umekufa, nao umebeba mazao.

Sababu ya kupukutisha majani ni kuhifadhi maji. Jani ni mlango wa kutokea unyevu, na mti unaokaa miezi mingi bila mvua hauwezi kuuacha mlango huo wazi. Shina la mbuyu lina maji mengi sana katika mbao zake laini. Utafiti uliofanywa Madagaska kuhusu mibuyu ya huko, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba sehemu ya maji hayo hutumika kuchipuza majani mapya kabla mvua hazijanyesha. Kwa maneno mengine, mti mtupu huwa katika maandalizi.

Mti Katika Macho ya Wasafiri

Mmoja wa wasafiri wa kale walioacha maelezo ya mti huu ni Ibn Battuta wa Tanja. Mwaka 1331 alipita katika pwani ya Afrika Mashariki, akafika Mombasa na Kilwa. Maelezo yake ya Mombasa yanataja ndizi, ndimu, na tunda alilolifananisha na zeituni, mbuyu haumo. Miaka zaidi ya 20 baadaye, akiwa safarini kutoka Walata kwenda makao makuu ya Mali, ambako alifika mwishoni mwa Juni 1352, aliandika habari za miti mikubwa ya kale ambayo mmoja wake huweza kuufunika msafara mzima kwa kivuli. Akaongeza kwamba baadhi yake haikuwa na matawi wala majani, lakini kivuli cha shina peke yake kilimtosha mtu. Alisimulia pia kwamba ndani ya mti mmoja alimkuta mfumaji ameketi na mtambo wake akifuma.

Wataalamu wengi wanakubali kwamba miti hiyo ilikuwa mibuyu. Jambo la kuzingatiwa hapa ni namna alivyouthamini mti mtupu. Msafiri huyo hakueleza kama kukosa majani kulitokana na majira au na mauti, ila aliona kwamba hata bila majani mti ulikuwa na kazi: kivuli cha mchana, nyumba ya fundi, alama ya njia. Kipimo chake kilikuwa matumizi, na kwa kipimo hicho shina lilitosha.

Maandishi ya Ulaya yalianza kwa namna nyingine. Mwaka 1592 tabibu wa Kiitalia Prospero Alpini alichapisha kitabu kuhusu mimea ya Misri, na humo akalieleza tunda lililouzwa Kairo kwa jina alilolitamka bahobab. Alilijua tunda la sokoni, akawa hajauona mti ukiwa kwao. Jina hilo, ambalo hudhaniwa kuwa lina asili ya Kiarabu na kwamba linahusu wingi wa mbegu, ndilo lililoenea katika lugha za Ulaya.

Mwanabotania wa Kifaransa Michel Adanson ndiye aliyeupeleka mti wenyewe katika maandishi ya kisayansi. Aliwasili Senegal mwaka 1749 na kukaa huko hadi 1753. Katika visiwa vilivyo karibu na Dakar ya leo alikuta mibuyu iliyochongwa majina ya mabaharia wa Ulaya waliopita karne kadhaa kabla yake. Alitumia makovu hayo kukadiria kasi ya ukuaji, akahitimisha kwamba mibuyu minene kabisa huenda ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 5000. Makadirio hayo yalizua ubishi, kwa kuwa yalikaribia kuufanya mti uwe na umri sawa na dunia kama walivyoihesabu wanadini wa wakati huo. David Livingstone ni mmoja wa waliobisha. Pamoja na hayo, katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1857 alikiri kwa mshangao kwamba mti huo huvuliwa gome, huchomwa moto na hubaki pango ndani, nao ukaendelea kuishi.

Jani na Tunda

Mwaka 1759 Carl Linnaeus aliupa mti jina rasmi la Adansonia digitata. Sehemu ya kwanza ya jina humheshimu Adanson. Sehemu ya pili ni neno la Kilatini linalohusu vidole, kwa kuwa jani la mbuyu mpevu huwa na vijijani vitano hadi saba vilivyotandazwa kama vidole vya kiganja. Ni jina lililo sahihi, ila usahihi wake una msimu. Anayeutafuta mti kwa alama hiyo mwezi wa Agosti huko Kwale au Bagamoyo hataiona alama yenyewe.

Msamiati wa Kiswahili umejengwa juu ya shina la neno -buyu. Mti ni mbuyu, wingi wake mibuyu. Tunda ni buyu, wingi wake mabuyu. Unga mchachu unaozifunika mbegu ni ubuyu, na neno hilo hutumika pia kwa mbegu hizo zikiwa zimepikwa kwa sukari, rangi na viungo, kama zinavyouzwa Unguja na Mombasa. Kibuyu ni chombo cha kuwekea maji au maziwa, na ingawa siku hizi chombo hicho hufikiriwa zaidi kuwa cha mmung'unye, jina lake limo katika ukoo huohuo. Ni kweli kwamba kuutaja mti kwa tunda lake ni kanuni ya kawaida katika Kiswahili: mwembe na embe, mnazi na nazi, mkwaju na ukwaju. Lakini kwa mbuyu kanuni hiyo ya kawaida ina matokeo yasiyo ya kawaida. Mwembe na mnazi huwa na majani mwaka mzima, na mtu anaweza kuitambua bila kuona tunda. Mbuyu, ambao hupoteza majani yote, unaitwa kwa kile kinachobaki.

Majina ya mahali yanathibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Mbuyuni iko Moshi, iko Taita-Taveta, na iko kwingineko kwingi. Kibuyuni iko Kwale. Kiambishi -ni cha mahali kimeugeuza mti kuwa anwani. Anwani haiwezi kutegemea jani linalokuja na kuondoka. Inahitaji kitu kinachoonekana kutoka mbali katika kila majira, na shina la mbuyu hukidhi haja hiyo kuliko mti mwingine wowote wa nyika. Zaidi ya hayo, jina hudumu kuliko mti. Kila penye Mbuyuni isiyokuwa na mbuyu, lugha imehifadhi habari za mti ambao ardhi imekwisha kuzisahau.

Majaribio ya sayansi ya kuupa mti jina hayakukoma kwa Linnaeus. Mwaka 2012 kundi la watafiti lilitangaza kwamba mibuyu ya sehemu zenye mwinuko katika Afrika ni spishi nyingine, wakaiita Adansonia kilima, kwa kutumia neno la Kiswahili. Walitegemea tofauti za maua, chavua na idadi ya kromosomu. Mwaka 2016 watafiti wengine walizipima upya alama hizo, wakaonyesha kwamba hazitengani kiasi cha kutosha, na kwamba mbuyu wa bara la Afrika ni spishi moja. Kwa hesabu hiyo, spishi za mbuyu duniani zinazotambuliwa ni nane: sita za Madagaska, moja ya Australia, na moja ya Afrika bara. Uchunguzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2024 uliitaja Madagaska kuwa ndiko chimbuko la ukoo wote.

Alama za Kuutambua Mbuyu Mtupu

Mtu anayeujua mti katika kipupwe huanza na shina. Shina la mbuyu mkubwa ni nene kupita kiasi kwa urefu wake, na mara nyingi huwa na mikunjo kama ngozi ya tembo inapokutana na mguu. Gome ni laini, la rangi ya kijivu inayong'aa, na penye jua la jioni huonyesha wekundu hafifu wa shaba. Likikwaruzwa kidogo, chini yake huonekana tabaka la kijani. Tabaka hilo ndilo jawabu la swali la uhai: penye kijani mti uko hai, na tabaka hilo huendelea kutumia mwanga wa jua hata wakati majani hayapo.

Baada ya shina hutazamwa matawi. Hutoka yakiwa manene, hupungua ghafla, na huishia katika vijitawi vifupi vilivyobutuka. Umbo hilo ndilo lililozaa hadithi, inayosimuliwa katika sehemu nyingi za Afrika, kwamba mti huu ulipandwa kichwa chini, mizizi juu. Kisha hutafutwa tunda. Buyu huning'inia kwa kikonyo kirefu, nalo lina ganda gumu lililofunikwa na manyoya laini kama mahameli, ya rangi ya kijani inayoelekea kuwa hudhurungi.

Miti mingine ya pwani huweza kumchanganya mtazamaji. Msufi nao hupukutisha majani, lakini matawi yake hutoka kwa ulalo, safu juu ya safu, na maganda yake hupasuka na kutoa sufi nyeupe. Mgude, uitwao pia mfune, una shina refu lililonyooka, la rangi iliyopauka, lisilo na unene wa mbuyu. Mbambakofi hutambulikana kwa maganda yake bapa na magumu, yenye mbegu nyeusi zilizovikwa kofia nyekundu.

Alama ya mwisho ni ya kihistoria, na kipupwe ndicho kinachoifunua vizuri. Shina lililo wazi ni kumbukumbu ya watu walioishi nalo. Makovu mapana yanayolizunguka kwa chini yanaonyesha mahali gome lilipovuliwa kwa ajili ya kamba. Mbuyu huliotesha upya gome lake, jambo ambalo miti mingi haiwezi, lakini kovu hubaki. Mistari ya vijiti vilivyopigiliwa, au matundu yaliyobaki baada yake, ni ngazi za warina asali na wachuma mabuyu. Penye magofu ya miji ya kale, kama Kaole na Kunduchi, mibuyu husimama karibu na makaburi ya nguzo, na huko mti na jengo husomwa pamoja.

Ugumu mkubwa ni kuutambua mbuyu mchanga. Mche huanza na majani sahili yasiyogawanyika, na vidole hutokea baadaye. Methali isemayo kwamba hata mbuyu ulianza kama mchicha hufasiriwa kuwa ni mawaidha juu ya mwanzo mdogo wa mambo makubwa. Tafsiri hiyo ni sawa, lakini methali ni pia uchunguzi wa kweli wa mmea: mbuyu mchanga haufanani na mzazi wake. Katika kipupwe mche huo huwa kijiti kitupu tu, na mbuzi au jembe huumaliza kabla mtu hajajua ulikuwa mti gani. Kwa hiyo kutoutambua mbuyu mdogo ni sababu mojawapo ya kukosekana kwa mibuyu ya kesho.

Usingizi na Mauti

Umri wa mbuyu hauwezi kusomwa kwa urahisi katika pete za mbao, kwa kuwa pete hizo si za kutegemewa na shina mara nyingi huwa na uwazi. Kipimo cha kaboni kilitumika mapema kwa mbuyu uliokatwa katika bonde la Kariba, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1963 yaliukadiria kuwa na takriban miaka 1000. Tangu mwaka 2005 watafiti wamechukua vipande vidogo kutoka ndani ya mashina yaliyo hai, wakagundua kwamba mibuyu mingi mikubwa ni mashina kadhaa yaliyoungana kwa mduara. Mbuyu wa Panke wa Zimbabwe ulikadiriwa kuwa ulifikia miaka 2450 hivi kabla ya kufa. Adanson alizidisha hesabu, lakini hakukosea kuona kwamba mbele yake kulikuwa na umri mkubwa mno.

Mwaka 2018 watafiti haohao walitoa taarifa ya kusikitisha. Kati ya mibuyu 13 iliyo mikongwe kuliko yote waliyoipima, 9 ilikuwa imekufa, au sehemu zake kongwe zilikuwa zimeporomoka, katika kipindi cha miaka 12. Mingi ilikuwa kusini mwa Afrika, na mabadiliko ya tabianchi yalishukiwa kuwa chanzo. Mbuyu unapokufa hausimami muda mrefu kama miti ya mbao ngumu. Mbao zake laini huoza, nao hujikunja na kuanguka kama rundo la nyuzi. Jambo hili lina maana kwa mtazamaji wa kipupwe. Mbuyu mtupu uliosimama imara, wenye gome lililokaza, kwa kawaida umelala tu.

Thamani ya Mti Mtupu

Kwa karne nyingi mbuyu wa pwani ulilindwa na mambo matatu: faida yake, heshima na hofu. Faida ni ubuyu, kamba, kivuli na asali. Heshima ilitokana na ukale wake na nafasi yake kama mahali pa kukutania. Hofu ilitokana na imani kwamba pepo hukaa katika mibuyu; hadi leo vitambaa na ubani huonekana penye baadhi ya miti hiyo. Mtu anaweza kuikubali imani hiyo au kuikataa, lakini mwanahistoria hawezi kupuuza athari yake: mti uliodhaniwa kuwa na wenyewe haukukatwa ovyo.

Thamani ya soko imebadilika katika karne hii. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha ubuyu mkavu kuuzwa humo kama chakula, na Marekani ikafuata mwaka 2009. Kile ambacho watoto wa pwani walikinunua kwa senti kikawa bidhaa ya kimataifa. Thamani hiyo, hata hivyo, ni ya tunda, na mwenye shamba ambaye mbuyu wake hauzai hana hisa humo.

Mwaka 2022 thamani ya namna nyingine ilijitokeza. Katika Kaunti ya Kilifi, mibuyu kadhaa iling'olewa pamoja na mizizi yake ili isafirishwe hadi Georgia. Baadhi ya wenye mashamba walikubali kuiuza, kwa kuwa walihitaji fedha na nafasi ya kulima mahindi. Malalamiko yalienea, na Novemba 2022 Rais William Ruto aliagiza uchunguzi ufanywe kujua kama kibali kilipatana na Mkataba wa Anuwai ya Viumbe na Itifaki ya Nagoya.

Ni rahisi kuwalaumu waliouza, lakini lawama hiyo haifiki mbali. Mkulima aliyeuza aliona mti unaokalia ardhi. Mnunuzi aliona umbo la kupendeza la kupandwa ugenini. Wote wawili waliuona mti wenyewe bila majira yake, bila majina yake, na bila watu wanaoutegemea kama anwani, kama ghala na kama kumbukumbu. Mti mmoja ulipoondoka, kilichoondoka nao hakikuandikwa katika kibali chochote.

Hitimisho

Historia ya mbuyu mtupu ni historia ya aina mbili za ujuzi. Mmoja umeandikwa, nao umekusanya mengi: jina la kisayansi, umri, jenomu, fizikia ya maji. Mwingine umo katika lugha na mikononi mwa wachuma mabuyu, warina asali na wauza ubuyu, ambao huutambua mti kwa gome na kikonyo wakati jani halipo. Ujuzi wa pili haujakusanywa kwa bidii inayostahili. Kamusi za Kiswahili zingenufaika kama zingeandika, pamoja na maana ya mbuyu, majira yake, sehemu zake na hatua za ukuaji wake, kwa maneno ya wanaoujua.

Kazi hiyo haiwezi kungoja muda mrefu. Mbuyu unaweza kuvumilia moto, kisu na miezi ya ukame, lakini hauna kinga dhidi ya mtu anayepita Agosti, akautazama, akasema haukuwa na faida yoyote.